Waya Niliouunga Darini

Minza, ng'wanone, mwanangu,

Habari za chandarua, ndoo, kopi za vyeti na namba ya simu ya yule mama utakayefikia kwake Dodoma, mama yako ameshakuandikia kurasa mbili na kuzitia kwenye begi. Hapo sina la kuongeza. Nikianza kukuhimiza ufue nguo mapema utacheka, maana unajua za kwangu hufuliwa na nani.

Nakuandikia kuhusu ile kompyuta. Najua umechoka nayo. Mimi nimechoka nayo kuliko wewe, na nina sababu usizozijua. Wewe na mama yako mmekwenda Samuye tangu jana kumuaga bibi, nyumba imebaki na mimi na kuku, na nimekaa kwenye meza ile ile uliyoiungia, nikijiuliza inakuwaje mtu mzima mwenye mvi anashindwa kumwambia mtoto wake sentensi moja kwa miezi mitatu. Basi niiseme kwanza, maelezo yafuate. Kompyuta yako haikuwa na ubovu wowote. Ubovu ulikuwa kwenye umeme wa nyumba hii, kwenye waya niliouunga kwa mikono yangu, na nililijua hilo kabla babu hajafa.

Nilitaka kuiweka sentensi hiyo ukurasa wa mwisho, nikajishtukia. Hivyo ndivyo nilivyofanya miezi yote hii, kila kitu nikakiweka mwisho.

Turudi nyuma. Ulipomaliza kidato cha sita, mjomba wako wa Mwanza alikutumia vile vipande kwa basi, kila kimoja na boksi lake: madabodi, prosesa, RAM mbili, diski, pawasaplai, na lile kasha jeusi lenye kioo ubavuni. Pale stendi ya Segese jirani mmoja aliniuliza kama tumenunua mashine ya kupimia dhahabu. Ulitandika kanga safi ya mama yako mezani, na kila ulipotaka kushika kitu ulitangulia kugusa nondo ya dirisha. Ulisema ni ili umeme wa mwilini usikiunguze. Nikakucheka. Nimefanya kazi ya umeme zaidi ya miaka ishirini kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu na sijawahi kugusa dirisha la mtu. Ulitabasamu, ukaendelea kugusa. Jioni ukabonyeza kitufe, ikawaka mara ya kwanza, na mama yako akapiga kigelegele kimoja kifupi, kama mtu anayeona aibu kukipiga kwa ajili ya chombo.

Siku ya pili, ukiwa unanakili picha, ikazima. Haikutoa onyo wala mlio. Ikajiwasha yenyewe, ikaleta ile skrini ya bluu yenye maandishi meupe, ikazima tena. Ukasema ni ugeni wa mashine mpya. Siku ya tatu ikazima mara nne. Ndipo ulipochukua daftari ukaanza kuandika kila inapozima: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, nani alikuwepo, kitu gani kingine kilikuwa kinawaka.

Hasira zangu zilianzia hapo, na hazikuwa na maana. Mtu akimwona mtoto wake amekaa sakafuni wiki nzima na bisibisi, anatoa RAM hii anaweka ile, anaisugua kwa kifutio cha penseli, anaihamishia tundu jingine, anapaswa kuona uvumilivu. Mimi niliona uzembe. Nikasema, "Kuna mahali ulikosea kuunga. Fungua yote, anza upya." Ukafungua yote, ukaanza upya. Ikazima. Nikasema ni joto. Ukapaka upya ile dawa ya prosesa, ukaongeza feni, ikazima huku feni zikivuma kama tupo karashani. Nikasema ni virusi. Ukapiga windo upya, ukafuta kila kitu na kuipakia Windows kutoka mwanzo, mara nne. Mara ya nne ilizima hata haijamaliza kujipakia, mashine tupu kabisa, haina kitu cha kuugua, na mimi nikasimama mlangoni nikasema labda virusi vimo kwenye flashi. Sikujua ninachosema. Lakini nilikisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sauti hiyo ninayo nzuri sana.

Siku moja, bila kuinua macho, ukaniuliza, "Baba, inawezekana ni umeme?"

"Umeme wa nyumba hii nimeuvuta mimi," nikakujibu.

"Najua, baba. Ndiyo maana nauliza polepole."

Nikatoka nje. Nilikwenda kukaa kwa muuza chipsi, nikiwa nimekasirika, na nikamsimulia yule bwana jinsi watoto wa siku hizi wakisoma kidogo wanavyowafundisha kazi baba zao. Akakubaliana na mimi. Alikuwa hajui lolote, naye alikubali kwa sauti nzuri.

Uliwahi kuihamishia sebuleni, unakumbuka? Ikakaa siku nzima bila kuzima. Ulikuja kuniambia umefurahi hadi unasahau salamu. Nami nikasema siku moja si ushahidi, na kwamba Jumamosi jumuiya wanakuja kusali, sitaki waruke nyaya. Ukairudisha chumba cha nyuma. Ilikaa saa moja ikazima. Niambie, ni mtu wa namna gani anayeona hayo yote na bado hapandi darini akaangalie?

Mama yako naye alinipa taarifa yake, kwa namna yake. Alikuwa anapanga nguo.

"Baba Minza, kila nikichomeka pasi kule nyuma, taa inafifia."

"Pasi yako mbovu."

"Na friji likianza kunguruma?"

"Friji lako nalo ni bovu."

"Haya," akasema. "Kumbe nina vitu vibovu vingi." Akaendelea kukunja mashuka.

Ndipo tukaanza safari za Kahama. Mara ya kwanza tuliibeba kompyuta kwenye blanketi, wewe umeipakata kama mgonjwa, tukampelekea Bwana Nitin kwenye duka lake la vifaa vya umeme. Nilimfahamu tangu zamani, tulikuwa tunachukua kwake mota na nyaya za karasha. Akakaa nayo siku mbili. Tuliporudi tukaikuta inawaka, inacheza filamu ya Kihindi, na mke wake amevuta kiti anatazama.

"Fundi," aliniambia, "hapa kwangu haijazima hata mara moja. Nimeipa kazi ngumu usiku na mchana. Huyu binti ameunga vizuri kuliko vijana wangu."

Wewe ukaangalia chini kwa furaha. Mimi sikusikia kabisa hilo neno la sifa. Nilisikia lililofuata.

"Kaangalieni umeme wa nyumbani."

Tukairudisha, ikazima kabla ya chakula cha mchana. Tukaipeleka tena wiki iliyofuata; akabadilisha pawasaplai, kile kipande kinachoigawia umeme, akaweka ya kwake ya kujaribia, akatuachia twende nayo. Ikazima nayo. Safari ya tatu alinishika bega akanitoa barazani ili usisikie. "Fundi, mashine inapona ikija kwangu, inaugua ikirudi kwako. Daktari angesema nini?" Njiani nilikwambia kwamba Nitin anataka kutuuzia stabilaiza ya kutuliza umeme. Mzee wa watu hakuwa ametaja kuuza kitu. Nilimzulia.

Nimeandika yote haya kwa kirefu kwa sababu nataka uone kwamba niliambiwa na watu watatu, kila mmoja kwa lugha yake, na wote watatu mlikuwa sahihi. Mtu akikosa kwa kutojua, husema hakujua. Mimi nilifanya kazi ya kutojua. Ilinichosha kama kuchimba shimo.

Na si mara ya kwanza. Hapa pana jambo ambalo mama yako analijua nusu. Kabla hujazaliwa nilikuwa fundi wa karasha moja nje ya Segese. Pale palikuwa na mwanamke aliyekuwa anachekecha unga wa mawe, Mama Kulwa, mtu mnyamavu. Asubuhi moja alinijia akasema, "Fundi, ile mashine inaning'ata vidole." Nikamwambia ni jasho na baridi ya asubuhi. Baada ya siku tatu akarudia: "Inaning'ata, fundi. Leo imenifika kwenye kiwiko." Wachimbaji wakacheka, nami nikacheka nao, nikasema umeme haumng'ati mtu, humuua, na kwa kuwa yu hai basi hakuna umeme. Watu wakaona nimejibu kitaalamu. Wiki iliyofuata mashine ilimrusha ukutani. Alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki hadi leo. Waya wa ardhi ulikuwa umekatika chini ya sufuria la kusagia, ungeonekana na mtu yeyote aliyeinama. Nyumbani hapa siku zote nimeisimulia kama ajali ya mashine chakavu. Nimekutana naye sokoni mara nyingi. Huniuliza habari za watoto. Hajawahi kunikumbusha, na nadhani hajui jinsi hilo linavyonisumbua.

Sasa babu. Ile wiki uliyokaa Samuye baada ya mitihani ulimrekodi kwenye simu kila asubuhi, akiwa anaota jua. Mimi mwanawe sikuwahi kumuuliza hata robo ya uliyomuuliza. Uliniwekea kidogo nikasikia: anataja ng'ombe wake wa ujanani mmoja mmoja, jina na rangi na mama yake, na yule dume aliyevunja zizi akaenda kulala kwa jirani, na babu anacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Simu ikajaa. Ukahamishia kwenye kompyuta ukafuta kwenye simu, ili urudi kurekodi zaidi. Siku ile ile, ukiwa unazipanga, ikazima. Ilipowaka, diski haikusomeka. Nitin alitufungia diski nyingine, na ile ya kwanza akaijaribu siku nne. Alitoa picha chache zilizokatika katikati na sauti yenye mkwaruzo tu, kama mtu anafagia.

Ulilia jikoni. Nikakwambia, "Babu yupo. Tutarudia." Nilisema kwa nia njema. Lakini wewe ulikataa kurudi kumrekodi kabla mashine haijapona. Ulisema huwezi kumpotezea sauti mara mbili. Kila wiki ukasema wiki ijayo. Uliingoja mashine ipone, na mashine ilikuwa inaningoja mimi.

Ukaenda Shinyanga kushughulikia fomu za mkopo wa chuo. Mchana huo nilipanda darini kwa sababu ya panya. Sitaki ufikiri nilikuwa nimezinduka, nilifuata panya. Nikanusa kitu kilichoungua. Pale ambapo waya wa chumba cha nyuma unaungana na wa jikoni, jointi ilikuwa nyeusi, tepu imeyeyuka ikamwagika kama nta, na papi ya mbao iliyo chini yake imeungua alama ya ukubwa wa kiganja. Niligusa waya mmoja ukabaki mkononi.

Niliikumbuka hapo hapo. Miaka sita iliyopita nilipojenga chumba kile ilikuwa mkesha wa Krismasi, wageni wamefika kituoni, mama yako anataka friji lihamie nyuma siku hiyo hiyo. Sikuwa na konekta za kubania nyaya. Nikazisokota zile nyaya kwa vidole, nikafunga tepu, nikasema nitarudi Jumatatu. Kumbe zile nyaya mbili zilikuwa zinagusana kwa shida tu. Taa peke yake zilivumilia. Pasi au friji likivuta, umeme wote wa chumba ulilegea, na kompyuta yako, ambayo haina betri ya kuivusha kama simu, ikaanguka. Ndiyo hiyo siri ya skrini ya bluu. Na tulikuwa tunalala chini ya moto, Minza. Wewe ndiye uliyekuwa unalala chumba hicho.

Nilitengeneza kwa nusu saa. Nikachomeka pasi, nikawasha friji, nikawasha kompyuta. Nikakaa mbele yake hadi jioni. Haikuzima.

Kisha nikachukua daftari lako, nikalisoma kwa mara ya kwanza ukurasa kwa ukurasa. Saa nne na robo, mama anapiga pasi. Saa tisa, friji limeanza kunguruma. Saa kumi na moja, mama anapiga pasi sare za kwaya. Ulikuwa umeandika jibu mara ishirini na saba kwa mwandiko wako mzuri. Siku ya nane ulichora mstari chini ya neno pasi. Ulikuwa umeshaanza kujua. Ulininyamazia kwa heshima.

Uliporudi ukaikuta inafanya kazi. Ukaniuliza imekuwaje.

"Nadhani ile windo ya mwisho imekubali," nikasema.

"Kwa hiyo zile nyingine nilikosea kuzipiga?"

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema. Ilikuwa pana, ningepita na ng'ombe. Nikasema, "Inawezekana." Ukasema basi huiamini bado, utaiangalia kwanza mwezi mzima ndipo uende kwa babu.

Mama yako alipiga pasi kesho yake, akaangalia taa, akaniangalia mimi. "Pasi imepona," akasema. Mimi nikajifanya natafuta viatu.

Wiki mbili baadaye tukapigiwa simu kwamba babu ameanguka zizini na hakuinuka.

Siku ya kumaliza matanga unaikumbuka kuliko mimi. Baba yako mdogo Shija alisimama mbele ya watu, akasema mjukuu wa marehemu alirekodi sauti yake, atuwekee tumsikie mzee. Alifikiri anakupa heshima. Ukasimama. Ulikuwa umevaa ile kanga nyeusi ya mama yako.

"Iliharibika, baba mdogo. Ni makosa yangu. Sikuunga kompyuta vizuri."

Na Shija, ambaye alikuwa na uchungu wa baba yake na bila shaka na pombe kidogo, akasema, "Haya ndiyo matokeo ya kuwapa watoto vitu vya thamani wakachezee." Bibi akajifunika uso. Watu wote wakageuka kunitazama mimi, wakitegemea baba wa mtoto aseme neno. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimekaa nalo zaidi ya wiki mbili. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Nimejaribu kujieleza kwa nini. Nimesema ulikuwa msiba, si mahali pake. Nimesema ningemwaibisha Shija. Hakuna kinachosimama. Niliona haya, basi. Fundi wa umeme wa Segese nzima, kuangushwa na tepu.

Tangu hapo hukuiwasha tena. Uliifunika kwa shuka. Na wiki iliyopita nilikusikia ukimwambia mama yako jikoni kwamba ukifika chuo utaomba kubadilisha kozi, uache uhandisi wa kompyuta, uchukue kitu kingine chochote chenye nafasi, kwa sababu mikono yako na mashine havipatani. Hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Badilisha ukitaka, umri wa kuchaguliwa umepita. Ila usibadilishe kwa sababu ya jointi yangu.

Na nikuambie nawe kidogo, maana nina hasira nawe pia. Kwa nini uliipokea haraka hivyo? Nitin alikwambia umeunga vizuri. Daftari lilikwambia. Mashine yenyewe ilikwambia kule sebuleni. Ukaja ukaniamini mimi peke yangu, kwa kuwa ni baba na nilisema kwa sauti kubwa. Huko uendako utakutana na kina mimi wengi, wenye tai na vyeti. Hawatakuwa baba zako. Ukishaandika mara ishirini na saba, inua macho uwaambie. Wakinuna, wanune. Mimi nilinuna nikapona.

Hapa niliacha kuandika. Ni saa tisa alasiri, nimerudi sasa hivi kalamuni.

Nimempigia Shija. Nilijua yuko pale kwa bibi na nyie. Nikamwomba aweke simu sauti kubwa, bibi awepo na wewe uwepo. Akauliza kuna nini, nikasema aweke tu. Nikazisikia sahani. Nikasema yote: jointi, tepu, siku niliyogundua, siku ya matanga. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kisukuma ili bibi asikose neno.

Ndipo bibi akasema, "Kwa hiyo mtoto hakuwa na kosa."

"Hakuwa nalo, mayu," nikamjibu mama yangu.

"Na siku ile alipokuwa amesimama pale, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mimi mtu wa miaka hamsini na mbili nilisimama katikati ya sebule yangu kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Basi leo sina la kukwambia," akasema. "Nitakuwa nalo siku nyingine. Njoo ulifuate."

Simu ikarudi kwa Shija. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alisema tu, "Kaka, mimi nilimsema mtoto mbele ya watu mia." Nikamwambia najua. Akasema, "Ngoja," akaiacha simu wazi, na nikamsikia kwa mbali anasema jina lako, na neno radhi, na kiti kikivutwa. Wewe sikukusikia. Nilisubiri nisikie hata ukikohoa. Kisha salio likaisha, langu, maana hata hilo sikuwa nimeliangalia kabla ya kupiga.

Kwa hiyo ukiusoma ukurasa wa kwanza wa barua hii utakuwa umeshajua habari yake. Nimefikiri niuchane, nikaona niuache. Simu ilibeba kosa tu. Sikuweza kusema kwa simu kwamba lile daftari nimelisoma mara tatu na kwamba sijawahi kufanya kazi kwa utaratibu ule siku moja maishani mwangu. Wala sikuweza kusema kuhusu Mama Kulwa. Kesho kutwa nitakwenda kwake. Sijui nitamwambia nini baada ya miaka yote hiyo, pengine atanishangaa. Nitakwenda hivyo hivyo.

Sauti ya babu haitarudi. Nitin ameniambia waziwazi nisimpelekee tena ile diski. Mimi ni mwanawe na ninaikumbuka ile ya ng'ombe na dume la zizi, lakini nikijaribu kuisimulia inatoka na sauti yangu. Hilo nitakaa nalo. Sikuombi ulibebe upande wowote.

Mmerudi. Nimesikia bajaji ikisimama, mama yako akigombana na dereva juu ya ndizi zilizopondeka. Umeingia ukasema shikamoo baba, nikasema marahaba, ukaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Sasa uko jikoni unapasha wali, hujaniambia neno jingine, na siwezi kujua kwa mgongo wako umefikiri nini. Sitakuuliza leo; barua hii nitaiacha usiku huu juu ya sanduku lako.

Kesho basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitakubebea sanduku hadi stendi, kwa miguu, nimemwambia mama yako atuache twende wawili. Kama una neno gumu la kuniambia, liseme tukiwa njiani. Liseme lote. Sitakukatiza.

Baba yako